Uhai wa Kitu katika Kumbukumbu ya Tarakilishi

Programu yoyote ya tarakilishi huumba vitu katika kumbukumbu, huvitumia, kisha huvifuta ili nafasi vilizozishika zitwaliwe na vingine. Kazi inapotendwa na uzi mmoja wa utendaji, aghalabu hapana utata. Utata huzuka pale nyuzi kadhaa zinapotenda kazi kwa wakati mmoja, hivi kwamba uzi mmoja waweza kukifuta kitu ilhali mwingine ungali unakisoma. Nafasi ile ikishapewa data nyingine, uzi unaosoma utasoma yasiyo yake bila kujua. (Mwanafunzi wa ngeli huenda akalikunjia uso neno ‘uhai’ kutumiwa kwa kitu kisicho na roho. Hata hivyo, ‘muda wa kudumu’ halibebi dhana ya kufa, na kufa ndiko kunakozungumziwa hapa.)

Mbinu kongwe ya kukabiliana na hali hii ni hesabu ya marejeleo, iliyoelezwa na George Collins mwaka wa 1960. Kila kitu huwekewa kihesabu. Anayekishika huongeza moja, anayekiachilia hupunguza moja, na kihesabu kifikapo sufuri kitu hufutwa. Sharti kila badiliko liwe tendo moja lisilokatizwa. La sivyo, nyuzi mbili zitaisoma 2 kwa pamoja, kila mmoja uandike 1, na sufuri isifikiwe kamwe.

Yamkini mtu akadhani kwamba kusahau kupunguza ni kosa dogo, maadamu kitu hubaki tu kumbukumbuni bila kazi. Yaliyotokea katika Linux yanapinga dhana hiyo. Mnamo Januari 2016 ulitangazwa udhaifu uliosajiliwa kama CVE-2016-0728, uliokuwemo katika kiini cha mfumo huo tangu toleo la 3.8. Kiini hicho huzihifadhi funguo za siri za programu katika kitu kinachoweza kuitwa mkoba. Programu ilipoomba kujiunga na mkoba ambao tayari ulikuwa wake, kihesabu kiliongezwa, lakini katika njia hiyo moja hakikupunguzwa. Kihesabu chenyewe kilikuwa cha biti 32. Ombi hilo likirudiwa takriban mara bilioni 4.29, tarakimu huzunguka na kurejea sufuri, mithili ya mita ya maili katika gari kuukuu. Hapo mkoba ulifutwa ungali unatumika, na mtumiaji wa kawaida aliweza kuijaza nafasi ile data yake na kujitwalia mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Kilichohitajika ni subira tu.

Kosa lilirekebishwa kwa kuongeza amri moja ya kuuachilia mkoba. Lakini amri moja haizuii kosa jingine la aina hiyo mahali pengine, na kiini cha Linux kina mamilioni ya mistari. Kwa hivyo, katika toleo la 4.11 la mwaka wa 2017, kilianzishwa kihesabu cha aina mpya, ambacho kifikapo kilele hukwama papo hapo. Kitu chake hakifutwi tena, na kumbukumbu hiyo hupotea hadi tarakilishi izimwe.