Mpangaji Akihama, Nani Afagie?

Mara kwa mara naletewa laptopu ambayo mwenyewe analalamika kuwa imekuwa nzito. Nikiiwasha, nakuta imebeba programu mbili tatu za kuondolea programu nyingine. Kila moja inajiwasha yenyewe asubuhi, inadai imegundua mamia ya takataka, na inataka ilipwe ndipo izitoe. Wafagiaji wamekuwa wengi kuliko taka.

Simlaumu mwenye laptopu. Ameambiwa kwamba njia ya Windows yenyewe ya kuondoa programu ni hafifu na huacha mabaki. Mabaki kweli huwapo, ila mwenye kosa si yule anayetajwa.

Ukifungua Mipangilio, ukaitafuta programu na kubofya kuisanidua, mara nyingi Windows haifuti kitu kwa mkono wake. Mfumo huo una rejista, daftari kubwa la mipangilio yake na ya programu zote, na humo mna tawi liitwalo Uninstall. Programu inapoingia hujiandikisha hapo: jina langu hili, aliyenitengeneza huyu, na siku mkinichoka, endesheni faili fulani. Unapobofya, Windows huliita faili hilo, basi. Ni kama mwenye nyumba na mpangaji wake. Mwenye nyumba hutoa notisi na kufungua geti, lakini anayefungasha vyombo ni mpangaji. Muungwana hung'oa hata misumari aliyopigilia ukutani. Mwingine hukuachia godoro bovu uani.

Wapo wapangaji wa aina nyingine. Programu zilizofungashwa kwa mtindo wa Windows Installer huandikiwa orodha ya kilichoingizwa, na Windows huifuata orodha hiyo kinyumenyume wakati wa kutoa. Zile za Microsoft Store, zilizoanza na Windows 8 mwaka 2012, hukaa katika chumba chao na hutoka karibu bila alama. Hizo usizitafutie msaidizi.

Sasa tuje kwa wasaidizi wenyewe: Revo Uninstaller, Geek Uninstaller, IObit Uninstaller, na BCUninstaller ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Wengi hawajui kwamba vyombo hivi navyo kwa kawaida huanza kwa kuliita faili lile lile la mpangaji. Tofauti inakuja baadaye. Mpangaji akishatoka, chombo huingia kupekua: Program Files, ProgramData, folda ya AppData iliyofichwa, na rejista, kikisaka chochote kinachofanana na programu iliyoondoka. Kama hakikuwapo siku programu ilipoingizwa, hakina orodha ya mali, kwa hiyo kinakisia kwa majina na mahali. Revo ya kulipia inaweza kurekodi programu inavyoingia tangu mwanzo, na hapo inakuwa na ushahidi. Bila rekodi hiyo ni kukisia tu, hata kama ni kukisia kwa ustadi.

Kukisia kuna hasara zake. Tuseme unaondoa programu moja ya Adobe, na nyingine mbili za kampuni hiyo bado unazitumia. Jina la mtengenezaji ni lile lile, na zipo folda zinazotumiwa na zote. Mpekuzi mwenye pupa atagusa mali ya jirani. Ndiyo maana Revo ina ngazi tatu za upekuzi. Ya juu kabisa mimi naifungua tu kwa mtu anayeweza kuisoma orodha mstari kwa mstari na kusema hiki ni cha nani.

Tena si kila kinachobaki ni taka. Firefox ikiondolewa kwa njia ya kawaida huacha kwa makusudi folda yenye alamisho, historia na nywila ulizohifadhi, ili siku ukiirudisha ukute mambo yako yapo. Chombo cha kupekua kinaweza kuiorodhesha folda hiyo pamoja na vumbi jingine, na mwenye haraka hubofya "chagua zote". Nimeshakaa na watu walioniuliza nywila zao zimekwenda wapi. Sikuwa na la kuwaambia.

Na hiyo rejista inayosemwa ikisafishwa mashine itapaa? Mistari michache iliyokufa katika daftari kubwa namna ile haipunguzi kasi kwa kiasi utakachokihisi. Microsoft wenyewe hawaungi mkono programu za kusafisha rejista, na wameonya kuwa madhara yake yanaweza kukulazimu uisakinishe Windows upya.

Kuna na suala la uaminifu. Msafishaji hafanyi kazi mpaka umpe mamlaka ya msimamizi, yaani funguo za nyumba nzima. Mwaka 2017 toleo la 5.33 la CCleaner, programu ya usafi iliyopendwa sana, lilisambazwa kupitia njia rasmi za mtengenezaji likiwa tayari limepachikwa msimbo wa wadukuzi. Watumiaji wapatao milioni 2.27 walikuwa nalo.

Pamoja na hayo, vyombo hivi ninavyo na navitumia. Kwa mfano, mtu amefuta folda ya programu kwa mkono, faili la kuondolea limekwenda nayo, na jina limebaki kwenye orodha kama mzimu. Au programu ya uhasibu imegoma kusakinishwa upya kwa sababu inakutana na masalia yake ya zamani. Au laptopu ni mpya na imejazwa makorokoro kumi ya dukani. Hapo BCUninstaller huyatoa kwa mkupuo. Antivairasi ni kesi ya peke yake, kwa kuwa mizizi yake iko ndani ya mfumo. Norton, McAfee na Kaspersky kila mmoja ana chombo chake mahususi cha kuing'oa, na ndicho nitakachokitafuta kabla ya kingine chochote.

Kwa hiyo naanza na njia ya Windows, kisha nawasha kompyuta upya, maana mafaili yaliyokuwa yakitumika hufutwa wakati huo. Mara nyingi kazi huishia hapo. Isipoisha, naweka kwanza nukta ya kurejesha mfumo, halafu nachomeka fulashi yenye Geek Uninstaller. Hiyo ni faili moja tu, haihitaji kusakinishwa. Nikimaliza nachomoa fulashi yangu, naondoka nayo.