Kinamasi si Tope Tu: Maneno ya Kumwongoza Mgeni kati ya Jinja na Mbale

Msafiri atokaye Jinja kwenda Mbale kwa barabara ya Iganga na Tirinyi huvuka Mto Mpologoma. Kandokando ya barabara huona mafunjo yaliyosongamana, mengine yakizidi kimo cha watu wawili. Wengi hutupa jicho mara moja, husema "tope tu," kisha husinzia. Katika makala haya tunapenda kueleza kwa nini msafiri huyo hukosa raha, na mwalimu wa Kiswahili anaweza kumsaidia vipi.

Raha ya kutembelea kinamasi haifanani na ile ya mbugani. Tembo huonekana hata bila maelezo, lakini kinamasi huficha wakazi wake. Chukua mfano wa Ziwa Opeta, kaskazini ya Mbale, ambalo pamoja na Ziwa Bisina liliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Opeta huishi ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu. Husimama muda mrefu bila kutikisika akivizia kamongo. Asiyeelezwa hayo atachoka na kuondoka kabla mdomo haujapiga maji.

Tuliwahi kupanda mashua Jinja pamoja na wageni kutoka Kenya na Tanzania. Kijana aliyetuongoza aliwajua ndege vizuri sana kwa Kiingereza. Alipogeukia Kiswahili kwa ajili ya wazee, mnandi, mdiria na yangeyange wote wakawa "ndege." Mzee mmoja akauliza, "Mwanangu, ndege huyu na ndege yule ni ndugu?" Watu wakacheka, naye kijana akanyamaza hadi tuliporudi ufukweni. Kosa halikuwa lake. Sisi walimu hatukumpa maneno.

Maneno hayo tunayagawa katika mafungu matatu.

Kwanza, majina pamoja na tabia. Mnandi hupiga mbizi, kisha hutandaza mabawa ayaanike. Mdiria mweusi na mweupe huelea hewani akipigapiga mabawa, ghafla akajitupa majini. Jina likiandamana na kitenzi chake, mgeni hujua atazame nini.

Pili, tofauti za maana. Bwawa ni neno la kuangaliwa. Mgeni wa Jinja akiambiwa "twende bwawani," atafikiri juu ya bwawa la umeme la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls. Kinamasi ni mahali pa tope na majimaji. Ardhioevu ni istilahi pana zaidi inayojumuisha vinamasi, kingo za maziwa na mabonde ya mito.

Tatu, lugha ya kueleza kazi. Mafunjo hupunguza kasi ya maji yatokayo Mlima Elgon, hunasa udongo, na huwapa samaki mahali pa kuzalia. Watu husukia mikeka na huezekea nyumba.

Hapa ndipo penye uzito. Sehemu kubwa ya vinamasi vya eneo hili imegeuzwa mashamba ya mpunga, kama ilivyo Doho wilayani Butaleja. Mpunga hulisha watoto na kulipa karo, wala hatumlaumu mkulima. Lakini kinamasi kisichokuwa na jina zuri midomoni mwa watu hakina wa kukitetea. Mgeni aliyefurahi hurudi na kulipa, na jirani wa kinamasi hupata sababu ya kukihifadhi.

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Urasmi huo utakuwa na faida gani ikiwa wanafunzi wetu hawawezi kumtaja mdiria? Tunapendekeza kila darasa litembelee kinamasi kilicho karibu, likusanye majina kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, kisha kila mwanafunzi aongoze wenzake kwa dakika tano. Atakayeulizwa swali na mzee asikose jibu.