Gia laini si lazima iwe nzima

Kuanzia Homa Bay mjini hadi Isebania, swali ninaloulizwa ni lile lile: gari la otomatiki si linafaa kubadilisha gia bila dereva kusikia chochote? Hapana. Kwanza mniambie ni giaboksi gani, maana wengi wanauliza kabla ya kujua walichonunua.

Probox za otomatiki za kabla ya Agosti 2014 zina gia nne. Zikiwa nzima, utasikia kila gia ikiingia: mshale wa mizunguko ya injini unashuka, gari linavuta kidogo, na sekunde moja haiishi. Zilizofuata, pamoja na Fielder nyingi za 1.5, zina CVT, yaani mkanda wa chuma uliobanwa na puli mbili. Humo hamna gia za kuhesabu. Mshale ukisimama mahali pamoja huku kasi ikipanda, gari halijaharibika. Wasiwasi ni likitetemeka ukitoka kwenye tuta, injini ikinguruma bila gari kusonga, au ukiingiza R ukasikia kishindo.

Sasa ile "dawa". Mteja wa CVT analalamika kuhusu mtetemo, mtu anammwagia ATF nyekundu, yaani oili ya otomatiki za gia za kawaida, eti oili ya gia ni oili ya gia na gari litalainika. Mara nyingi linalainika kweli siku za kwanza, na hapo ndipo watu wananaswa! ATF ina viungo vinavyoziacha sahani za klachi ziteleze kidogo kabla ya kushikana. Mkanda wa CVT hautakiwi kuteleza: chuma kinashika chuma, na oili yake imetengenezwa kusaidia mshiko huo. Ukiweka ya kuteleza, mkanda unaikwaruza puli kila unapopanda na mzigo kutoka ziwani kwenda Rodi Kopany. Nikifungua sampu ya gari kama hilo, sumaku zimejaa vipande vya chuma vinavyong'aa, badala ya ule unga laini wa kijivu wa uchakavu wa kawaida. Pitisha ukucha kwenye uso wa puli. Ukikwama, hiyo giaboksi haiponi kwa chupa yoyote.

Hata kwenye gia nne, ulaini uliopitiliza ni dalili mbaya. Gia inayoingia polepole mno inamaanisha sahani zinateleza kwa muda mrefu, zinapata joto na kuungua. Chomoa stiki, unuse oili. Harufu ya kuungua inakuambia zaidi ya fundi anayekuuzia kilainishi bila hata kupanda gari aliendeshe.

Kwa hiyo: soma kitabu cha gari au maandishi ya kwenye stiki. CVT za Toyota hutaka CVTF TC au FE, za Nissan NS-2 au NS-3, Probox ya gia nne T-IV au WS, kutegemea mwaka. Angalia mipira inayoshikilia injini, maana ikichoka inaleta kishindo ambacho giaboksi inasingiziwa. Skani kompyuta kabla ya kufungua chochote. Oili ikichakaa, mwaga na ujaze kiasi kile kile, bila kuisukuma kwa mashine. Simama kabisa kabla ya R, na usilishikilie gari mlimani kwa mafuta. Likigoma barabarani, livutwe magurudumu ya mbele yakiwa juu, na kama ni la 4WD, libebwe lote juu ya lori.