Bibi Mmoja, Watoto Wangapi? Ulezi wa Wadogo Lulindi Katika Msimu wa Korosho

Kuanzia mwezi wa Septemba, mikorosho inapoanza kudondosha, nyumba nyingi za Lulindi na za vijiji vingine vya Masasi na Newala hubadili ratiba yake yote. Akina mama huondoka alfajiri, kwa kuwa korosho huokotwa chini moja moja, na zile zinazolala shambani zikanyeshewa hupoteza daraja. Watoto wakubwa huenda shule. Wanaobaki ni wale wasiofaa shambani wala darasani: wa miezi minne, wa mwaka na nusu, wa miaka mitatu. Hao huachwa kwa bibi. Naye bibi huyo si mwenye wajukuu wawili tu. Aghalabu ni mwanamke mmoja ambaye binti zake, mkwe wake na jirani wa ng'ambo ya pili wote wamemwamini kwa pamoja. Ifikapo saa nne asubuhi ana watoto saba au wanane uani, mmoja amembeba mgongoni, na ndoo ya maji imekwisha.

Hakuna amwitaye mlezi wa mchana. Hana bango mlangoni wala leseni, na wala hatozi ada. Hata hivyo kazi aifanyayo ndiyo ile ambayo mataifa mengi yameiwekea hesabu katika sheria: mtu mzima mmoja anaruhusiwa kuangalia watoto wadogo wangapi kwa wakati mmoja?

Tanzania haikuwahi kuliacha jambo hili nje ya sheria. Katika miaka ya ujamaa, vijiji vilipoanzishwa na mashamba kuwa ya pamoja, vituo vya kulelea watoto mchana vilihimizwa ili akina mama wapate nafasi ya kufanya kazi, na mwaka 1981 ikatungwa Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Mchana. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, ambayo nayo inamtaka anayeanzisha kituo apate kibali kupitia mamlaka ya ustawi wa jamii na akubali kukaguliwa. Kwa darasa la awali shuleni, kiwango kinachotambulika ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Utaratibu huu wote una mantiki, lakini umejengwa juu ya neno kituo. Mkaguzi huenda penye jengo, rejista na mmiliki. Uani kwa bibi hakuna kimojawapo.

Inafaa basi kutazama namna wengine walivyohesabu, maana katika hesabu zao kuna fikra ambayo yaweza kutumika hata pasipo na jengo. Uingereza, kwa sheria zinazotumika England, mlezi anayelea watoto nyumbani kwake haruhusiwi kwa kawaida kuwa na zaidi ya watoto 6 walio chini ya miaka 8. Kati ya hao 6, walio wadogo wa umri wa kabla ya shule wasizidi 3, na kati ya hao 3, aliye chini ya mwaka mmoja awe 1 tu. Watoto wa mlezi mwenyewe huhesabiwa pamoja na wa watu. Afrika Kusini, ambako hali ya kipato na makazi inakaribiana zaidi na yetu, sheria huanza kumtaka mlezi ajiandikishe anapolea watoto zaidi ya 6, na viwango vyake hupanuka kadiri mtoto anavyokua: mtu mzima 1 kwa watoto 6 hadi umri wa miezi 18, 1 kwa 12 hadi miaka 3, 1 kwa 20 kwa wa miaka 3 na 4, na 1 kwa 30 kwa wa miaka 5 na 6.

Tofauti kati ya nchi hizo mbili ni kubwa, na hata ndani ya nchi moja namba hizi hazijatulia. Mwaka 2023 serikali ya Uingereza ililegeza kiwango cha vituo vya England kwa watoto wa miaka 2, kutoka mtu mzima 1 kwa watoto 4 hadi 1 kwa 5, na wazazi wengi wakapinga. Kwa hiyo hakuna namba takatifu iliyotoka maabara. Kilicho thabiti kila mahali ni kanuni ya umri: mtoto asiyetembea ana uzito mwingine katika hesabu. Anayehesabu vichwa tu, bila kuuliza umri, hajahesabu kitu.

Sababu yake ni ya kimwili kabisa. Mtu ana mikono miwili. Paa la nyasi likishika moto, mtoto wa miaka 5 ataitwa na kukimbia; wa miezi 5 atabebwa. Mwenye watoto wachanga wanne hawezi kuwatoa wote kwa safari moja, hata angekuwa kijana mwenye nguvu. Wahenga waliosema mkono mmoja haulei mwana walikwisha kutoa kiwango chao, nacho ni kikali kuliko cha England.

Sababu ya pili ni muda, ambao huonekana vizuri zaidi penye chakula. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtoto wa miezi 9 hadi 23 apate mlo mara 3 hadi 4 kwa siku, mbali na vitafunio na maziwa ya mama. Mtoto wa umri huo hajilishi. Hulishwa, hubembelezwa, hutema, hurudiwa. Chukulia dakika 20 kwa kila mlo. Watoto wanne wa umri huo, kwa milo mitatu, ni dakika 240, yaani muda wa saa nne nzima za bibi bila kuteka maji, bila kupika, bila kumwosha aliyejichafua. Muda huo haupo. Kinachofanyika ni sahani moja katikati na kila mmoja achukue anachokiweza, na mdogo kuliko wote ndiye achukuaye kidogo. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya, udumavu kwa watoto walio chini ya miaka 5 nchini umepungua kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 hadi asilimia 30 mwaka 2022. Mara nyingi maelezo yetu huishia kwenye aina ya chakula. Lakini uji wa lishe uliokorogwa vizuri haumfai mtoto ambaye hakuna aliyekaa naye mpaka akaumaliza.

Ya tatu ni maradhi. Watoto wanapokusanyika wengi mahali pamoja, mafua, kikohozi na kuhara huwapata mara nyingi zaidi kuliko wanaolelewa wachache wachache, na mikono ya mlezi ni njia mojawapo. Anayemtawaza mmoja na kumlisha mwingine papo hapo hafanyi hivyo kwa ujinga. Anafanya hivyo kwa sababu wa pili analia. Na maji kwenye uwanda wa juu wa Makonde si kitu cha kumwagwa ovyo: chemchemi ziko mabondeni, na kwa miongo mingi maji ya bomba yamekuwa yakipandishwa kutoka bonde la Kitangari. Kunawa kwa sabuni kila mara ni ushauri mzuri ambao huko una gharama ya ndoo na mwendo.

Mazingira nayo yana hatari zake ambazo orodha za ukaguzi zilizoandikwa mijini hazizitaji. Nyumba nyingi za Newala huvuna maji ya mvua kwenye matangi yaliyochimbwa chini; kifuniko kikisahauliwa, mtoto wa miaka miwili hahitaji sekunde nyingi. Salfa inayopulizwa mikoroshoni dhidi ya ubwiriunga katika miezi ya kiangazi huwasha macho na njia za hewa, na ndiyo maana si busara kusema tu kwamba mama ambebe mtoto aende naye shambani. Masalia ya viuatilifu huhifadhiwa ndani, pengine katika chupa ya soda. Msimu wa mabibo ukifika, uraka na nipa navyo huwekwa katika chupa kama hizo hizo. Kwa mlezi wa watoto wawili, haya ni mambo ya kuyaangalia. Kwa mlezi wa wanane, ni suala la bahati.

Hapa wahudumu wa afya hukutana na swali gumu. Je, bibi aambiwe akatae watoto? Akikataa, mama hataacha korosho, kwa kuwa fedha ya msimu ndiyo ada, sare na chakula cha mwezi wa pili. Atamwacha mtoto kwa dada yake wa miaka tisa, ambaye siku hiyo hatakwenda shule. Kanuni kali isiyo na msaada huwahamisha watoto tu, ikawatoa penye mtu mzima ikawapeleka penye mtoto mwenzao. Huo ndio udhaifu wa kuchukua namba za England na kuzibandika Lulindi, na wanaopendekeza hivyo wafikiri mara mbili.

Bangladesh ilipita njia nyingine. Huko, ambako kuzama majini huua watoto wengi wa mwaka 1 hadi 4, vijiji vilianzisha sehemu za kulelea watoto wadogo kwa saa chache za asubuhi, wakati akina mama wakiwa katika shughuli, kila sehemu ikiwa na mlezi wa kijijini aliyepewa mafunzo na msaidizi wake, na watoto wapatao 20 hadi 25. Vifo vya kuzama vilipungua sana miongoni mwa waliohudhuria. Idadi hiyo kwa watu wawili ingekataliwa mara moja na mkaguzi wa England. Lakini ilipimwa dhidi ya hali halisi ya mtoto asiye na mtu, na ikashinda. La kuzingatia ni kwamba hawakuchukua watoto wachanga sana. Hao ulezi wa kundi kubwa hauwafai popote.

Kwa watoto hao wachanga, suala la kwanza ni ziwa la mama. Mwajiriwa nchini ana likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baadaye hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mkulima hana mwajiri wa kumdai. Mtoto aliyezaliwa Julai atakuwa na miezi mitatu tu msimu ukipamba moto, naye anastahili maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Familia zinazoweza humpeleka bibi na mtoto mchanga karibu na shamba, wakae kivulini penye kibanda, mama aje kunyonyesha. Msimu wa kuokota, salfa ikiwa imekwisha kupulizwa, jambo hili linawezekana. Pasipowezekana, maziwa yakamuliwe kwa mikono safi kwenye chombo chenye mfuniko, yakae mahali pa ubaridi, yatumike ndani ya muda wa saa nne, na mtoto anyweshwe kwa kikombe, si kwa chupa yenye chuchu ambayo ni vigumu kuisafisha. Mama anyonyeshe kabla ya kuondoka, anyonyeshe arudipo, na usiku kucha mtoto akitaka.

Lulindi si mahali pageni kwa wazo la kufundisha watu wa kijiji kazi iliyodhaniwa kuwa ya wataalamu. Daktari Leader Stirling alifika hapo mwaka 1935 katika misheni ya UMCA, akafanya upasuaji katika hospitali ya mazingira magumu na kufundisha wauguzi wenyeji. Miaka arobaini baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataka mtoto wa umri wa miaka 0 hadi 8 apate kwa pamoja afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali na ulinzi. Bibi wa uani ndiye anayeshika yote matano kwa miezi minne ya mwaka, na aghalabu hajawahi kuitwa kwenye semina hata moja.

Kliniki ya mama na mtoto inaweza kuanza na maswali mawili ambayo hayamo kwenye kadi. Mwezi wa Agosti, mama anapoleta mtoto kupimwa uzito, aulizwe: msimu utakapoanza, huyu atabaki na nani? Na huyo atakuwa na wengine wangapi wasiotembea? Jibu la swali la pili likiwa wawili au zaidi, hapo ndipo pa kukaa na kuzungumza: ni binti gani mwingine, au babu gani, anayeweza kuwa mkono wa pili hadi saa nane mchana. Mhudumu wa afya wa kijiji akimtembelea bibi, aangalie kifuniko cha tangi, mahali pa chupa, umbali wa mafiga na mahali watoto wanapolala. Amwachie pakiti za ORS na kumwonyesha kuzichanganya. Amweleze pia dalili ambazo hazisubiri mama arudi: mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki. Nambari ya simu ya mama na ya zahanati ziandikwe ukutani kwa mkaa, mahali pa kuonekana.

Liko pia jambo la fedha, ambalo si la zahanati. Korosho za Mtwara huuzwa mnadani kupitia vyama vya msingi, na kila kilo hukatwa makato kadhaa kabla mkulima hajalipwa. Mkutano mkuu wa kijiji unao uwezo wa kujadili kama kiasi kidogo kingeweza kumlipa posho mlezi wa pili katika kila kitongoji kwa muda wa msimu, na kununua mapipa mawili ya maji. Mkutano wa namna hiyo hauna budi kufanyika kabla ya Septemba. Baada ya hapo wanaohusika wote wako shambani.