Kisangani: mlangoni mtoto haingizi kitu, meza ndiyo inayolipa

Jumapili baada ya ibada, na zaidi siku za sikukuu, Kisangani ina biashara isiyo na safu yake katika vitabu vya kodi: kuwatoa watoto matembezi. Wenyeji wanazijua njia zake. Wengine huenda kwenye maporomoko ya Wagenia, wengine kando ya mto Tshopo karibu na bustani ya wanyama, na wenye nauli hufuata barabara ya uwanja wa ndege wa Bangboka, kilomita zipatazo 17 kutoka mjini, ambako nganda, yaani baa za chakula na vinywaji, zenye ua mpana zimeweka bembea, mitelezo na hapa na pale jumba la kurukia linalojazwa upepo. Watoto wakichoka kubembea hupelekwa kuangalia ndege ikishuka, burudani ambayo hadi sasa hakuna aliyeitoza ushuru.

Kwa anayepiga hesabu kutoka mbali, soko lipo. Mji una watu zaidi ya milioni moja, na karibu nusu ya Wakongo hawajafika miaka 15. Kinshasa wana N'Sele, Dar es Salaam wana viwanja vya michezo ya maji huko Kunduchi. Kisangani haina cha kulinganisha. Ndiyo maana kila msimu hupatikana mtu mwenye kiwanja na dola chache anayeamini kwamba amegundua mgodi. Wengi wao, baada ya muda, hurudi kuuza bia kama jirani zao.

Mama mmoja mwenye nganda upande wa Bangboka bado hajarudi, lakini hayuko mbali. Alikubali kueleza hesabu zake kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe, kwa kuwa wanaokuja kumdai ushuru nao husoma magazeti. Alianza na meza chache na jiko la makaa, akaongeza bembea, kisha akanunua jumba la upepo lililopita mikono ya wafanyabiashara wa Butembo. Analiita kaburi la fedha zake.

Jumba hilo halijazwi asubuhi likafungwa kama mpira. Feni yake lazima ipulize muda wote watoto wanaporuka, ikizimika, linawalalia. Kwa hiyo jenereta inanguruma tangu watu wanapotoka kanisani hadi jioni, watoto wawe thelathini au watatu. Umeme wa kituo cha mto Tshopo, kilichoanza kuzalisha mwaka 1955, hauwezi kutegemewa hata katikati ya mji, kwani mara nyingi si mashine zake zote tatu zinazofanya kazi kwa pamoja. Anayeweka jumba la upepo nje ya mji anakuwa ameingia katika biashara ya petroli bila kukusudia.

Halafu kuna swali la nani alipe. Mama aliyembeba mtoto wa mwaka mmoja na nusu hakubali kumlipia kiingilio. Mtoto wake hali sahani, hanywi chupa, hakai kitini, atalipia nini? Mwenye nganda anaiona haki ya hoja hiyo. Tatizo ni kwamba huyo asiyelipa ndiye anayehitaji vingi: kivuli, maji safi, msichana wa kumsimamia, mahali pa kumbadilisha nguo. Na jumba lenyewe halimpendezi, kwa sababu akiingizwa ndani hulia, na wanaolitawala ni wavulana wa miaka kumi wanaoruka na viatu hadi linapasuka. Gundi ya kuliziba huagizwa mbali na hufika kwa bei ya dawa. Wakati huo wadogo wa miaka miwili mitatu wameketi kwenye rundo la mchanga wa mtoni lililomwagwa chini ya mwembe, wakijaza na kumwaga vikopo vya maziwa vilivyokwisha. Kifaa kinachopendwa kuliko vyote katika ua huo ni mchanga, na mchanga hauna tiketi.

Lakini kinachomuumiza zaidi ni usingizi. Familia hufika adhuhuri, inaagiza samaki wa liboke aliyefungwa majanini, lituma na sombe. Liboke halipikwi kwa haraka, na likiharakishwa mteja hulirudisha. Saa nzima inapita, watoto wanamaliza sukre, yaani soda, ya kwanza, wanaanza kulia. Chakula kinapofika mezani mdogo kabisa amekwisha kusinzia, wingu limeanza kufunga upande wa msitu, na mama wa watoto anataka taksi-moto kabla ya mvua. Baba, ambaye angeagiza bia ya pili na ya tatu, anasimama na kulipa. Meza ya vijana wanne wasio na mtoto hukaa hadi usiku. Kwa mapato ya siku moja, anasema, vijana hao humfaidisha kuliko familia ya watu wanane. Anaendelea kuipokea familia kwa sababu moja tu: ikipendezwa, siku ya sikukuu hurudi na mashangazi, wajomba na jirani. Si haba, ingawa sehemu ya kundi hilo huja na mikate na maji yake ndani ya mfuko.

Kisha watozaji. Hawa, kwa maelezo yake, hawaji Jumanne ua ukiwa mtupu. Huja Jumapili mchana meza zikijaa, wakijua kwamba hakuna mwenye nganda anayependa kugombana mbele ya wateja. Ukipiga muziki, yupo wa haki za wanamuziki. Ukichoma samaki, yupo wa usafi na yupo wa mazingira. Komini ina wake, jimbo lina wake, na tangu aweke bembea amepata mgeni mpya anayesema eneo lake sasa ni la utalii. Patente ya biashara anailipa na haoni ubaya. Anachouliza ni kwa nini bembea nne za kamba na ubao zimfanye ahesabiwe pamoja na wenye hoteli. Anatunza risiti zote katika mfuko wa plastiki. Baadhi zina mhuri, baadhi zina sahihi tu. Orodha ya ushuru ambao majimbo na komini zinaruhusiwa kutoza iliwekwa na sheria tangu Machi 2018, na lengo mojawapo lilikuwa kupunguza vurugu hii. Mfuko wa mama huyu hauonyeshi kwamba vurugu imepungua.

Ofisa mmoja wa jimbo anayefuatilia sekta hiyo, naye hakutaka kutajwa, anaiona picha nyingine kabisa. Kwake utalii wa ndani unapanda katika jimbo la Tshopo, na familia za Kisangani ndizo zinazousukuma. Ushahidi wake ni makusanyo: risiti zinazotolewa ni nyingi kuliko zamani. Inawezekana ni kweli. Lakini risiti zikiongezeka, maelezo rahisi zaidi ni kwamba watozaji wameongezeka. Alipoulizwa ni watoto wangapi wanaopelekwa matembezi kwa mwaka, alijibu kwamba wageni huandikwa hotelini na Wagenia, na kwamba mtoto wa mwenyeji si mgeni. Familia inayotandika kitambaa kando ya mto Tshopo na kula chakula cha nyumbani haimo katika takwimu yoyote, na kwa idadi huenda ndiyo iliyo nyingi.

Ofisa huyohuyo aliutaja ukarabati wa bustani ya wanyama kama jambo lililo njiani. Wasomaji wenye umri wa kutosha wameisikia kauli hiyo kwa vinywa tofauti. Wanyama waliobaki tangu enzi za vita ni wachache, na mzazi anayemwahidi mtoto chui anajitafutia maswali ya njia nzima ya kurudi.

Wagenia kuna kitu cha kuona, hilo halina ubishi. Wavuvi wanaoning'iniza mitego kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maji yanayochemka ni picha inayojulikana duniani, na hapo ndipo mlolongo wa maporomoko saba ya Boyoma, unaoanzia upande wa Ubundu, unapoishia. Ila pale pana mawe yanayoteleza na mto wenye nguvu. Mtalii mwenye kamera hulipia mtumbwi na picha, na wenyeji wa kijiji wanaishi kwa hilo. Mwenye mtoto anayejifunza kutembea hakai pale hata nusu saa. Majaketi ya kuokolea maisha yenye kipimo cha mtoto mdogo ni bidhaa ambayo hatukuona ikiuzwa na yeyote, na hilo peke yake linaeleza mipango ya biashara hiyo kuliko hotuba.

Bangboka ina ardhi tambarare na nafasi, na ndiyo sababu wenye kiu ya kuwekeza huitazama. Kikwazo ni nauli. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa faranga 14,500 kwa siku mwaka 2025, kikapangiwa kupanda hadi 21,500 kuanzia Januari 2026. Tuseme taksi-moto inachukua faranga 5,000 kwenda, kiasi hichohicho kurudi, na familia ya watu sita imejibana kwenye pikipiki mbili. Hizo ni faranga 20,000 kabla mtoto hajaonja sukre. Na wenye mshahara wa aina hiyo wenyewe ni wachache. Wengi mjini wanaishi kwa kinachopatikana siku hiyo. Toleka, iliyouzoeza mji huu kusafiri kwa baiskeli, haifai kwa umbali huo na watoto wawili mbele.

Bidhaa nazo zimekuwa na safari ndefu. Vifaa vya plastiki, mipira, vitambaa vya mahema, vyote vilizoea kuingia kwa malori ya Butembo kupitia Mambasa na Bafwasende, au kwa ndege kutoka Goma. Uwanja wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, njia ya pili ilikatika, na ya kwanza ina vizuizi ambavyo kila dereva anavijua kwa bei zake. Vinywaji vinavyopanda mto kutoka Kinshasa husafiri zaidi ya kilomita 1,700 kwa kasi ya maji na ya matatizo ya boti. Faranga ilipopata nguvu dhidi ya dola katika miezi ya mwisho ya 2025, wateja walitegemea bei zishuke. Wauzaji wanasema bidhaa iliyokuwa dukani ilinunuliwa kwa kiwango cha zamani. Wanasema hivyo kila faranga inapopanda. Inaposhuka hatuwasikii wakingoja bidhaa ya zamani iishe.

Mbele kukoje? Kwa misimu, kuna matumaini: Noeli na Bonana ya mwaka mpya, matangazo ya matokeo ya shule, na tarehe 1 Agosti, siku ambayo asubuhi ni ya makaburi na mchana ni wa watoto kuwalisha wazazi au wazazi kuwalisha watoto, kutegemea nani ana fedha. Siku hizo meza hujaa hata mvua ikitisha. Kwa Jumapili za kawaida hali haielekei kubadilika haraka, labda umeme utengemae au mtu aanzishe basi la familia kutoka katikati ya mji, mambo mawili ambayo hatungeshauri mtu akopee benki. Watakaodumu, kwa makadirio yetu, ni wenye gharama ndogo: kivuli, mchanga, bembea, choo safi, na jiko linalotoa chakula kabla mtoto hajalala. Mama wa Bangboka anafikiria kuliuza jumba lake la upepo, akipatikana mnunuzi asiyesoma makala haya.

Kwa mzazi anayepanga kutoka sikukuu ijayo: agiza liboke ukiwa bado hujaketi, ulizia bei ya bembea kabla mtoto hajaipanda, na weka pembeni nauli ya kurudi, maana mvua ikianza taksi-moto huongeza.