MAWE YA MUGODI SI MAPAMBO YA AKWARIUMU



Mu nyumba nyingi za Katanga kuna jiwe la malakiti juu ya meza ao mu kabati. Ni uzuri wa inchi yetu, na jiwe zima lililong'arishwa, likikaa pale, halisumbui mutu. Lakini wengine kati yetu wanafuga samaki mu akwariumu, ni kusema sanduku la kioo lenye maji. Wakitaka kulipamba, wanafikiri mara moja lile jiwe la kijani. Leo tutaeleza sababu gani lisiingie mu maji, na ni vitu gani vinavyofaa.

SABABU GANI MALAKITI INAUA SAMAKI?

Malakiti ni madini ya shaba. Katika kilo 1 ya malakiti safi, gramu 570 hivi ni shaba. Ninyi munaofanya kazi ku usine munajua kwamba asidi inatoa shaba mu jiwe. Maji ya akwariumu nayo yanaweza kuwa na asidi kidogo, maana samaki wanapumua mle ndani na majani yanaoza. Asidi hiyo haina nguvu sawa ile ya usine, lakini inafanya kazi usiku na muchana, na shaba inatoka kidogo kidogo. Maji yanabaki safi kwa macho.

Kwa maji ya kunywa ya watu, Shirika la Afya la Dunia linakubali shaba mpaka miligrama 2 katika litre 1. Samaki hawezi kuvumilia kiasi hicho. Samaki wengi wadogo wanaweza kufa kwa shaba isiyofika hata miligrama 1, zaidi mu maji yasiyo na chokaa. Basi maji ambayo mutu anakunywa bila taabu yanaweza kuua samaki.

Shaba inaharibu mashavu ya samaki, zile sehemu nyekundu anazopumulia pembeni ya kichwa. Samaki anapanda juu, anahema na kinywa wazi, halafu anakufa. Konokono mara nyingi wanakufa mbele ya samaki. Mwenye nyumba anasema ni ugonjwa, ananunua samaki wengine, na hao pia wanakufa. Ugonjwa ni lile jiwe.

HATARI KWA WATU WA NYUMBA

Mawe ya mugodi hayana shaba tu. Heterojeniti nyeusi ina kobalti. Mawe mengine ya kijani ao ya manjano yana uraniumu, sawa yale yaliyojulikana ku Shinkolobwe na Musonoi. Torberniti ni ya kijani sawa malakiti, na ina shaba pamoja na uraniumu; jicho la mutu haliwezi kuyatenganisha vizuri. Na mutoto anapenda kutia mukono mu maji ya samaki, halafu anautia kinywani. Kwa hiyo mawe ya mugodi yabaki ku mugodi.

Ni vile vile kwa ndoo na mapipa yaliyobeba dawa za usine. Hata ukiyaosha mara kumi, usiyatumie kwa samaki, wala kwa majani, wala kwa maji ya kunywa.

VITU VINAVYOFAA

1. Mawe magumu na muchanga wa muto ulio mbali na usine na mbali na maji machafu ya mugodi.

2. Nyungu ndogo za udongo uliochomwa, zisizo na rangi wala mafuta ya kung'arisha. Ni vyombo vizuri vya kupandia majani, na samaki wanajificha mule.

3. Bokali za kioo, na vyombo vya plastiki vilivyobeba chakula. Usitumie makopo, mabati, waya wa shaba, wala risasi ya kuzamisha majani.

4. Muti mugumu uliokauka. Uloweke majuma mengi, ukibadilisha maji, mpaka maji yasigeuke tena rangi ya chai.

Osha kila kitu kwa maji ya moto na burashi, bila sabuni. Usichome mawe mu moto: maji yaliyo ndani yanaweza kuyapasua, na vipande vitaumiza macho.

Ukitaka kujua kama jiwe lina chokaa, tia matone ya siki, ile tunaita vinegre. Likitoa povu, chokaa iko. Chokaa inafaa samaki wa ziwa Tanganyika. Kuna wadogo wanaoishi ndani ya makome matupu ya ziwa lile. Lakini haifai samaki wa mito ya pori, waliozoea maji yasiyo na chokaa. Angalia: malakiti pia inaweza kutoa povu, na jiwe lisilotoa povu linaweza kuwa na madini. Siki haionyeshi sumu.

MAJANI NA BILHARZIA

Kuna wanaokwenda kuchuma majani mu mabwawa. Mule muna konokono wanaobeba bilharzia, na vidudu vyake vinapita ngozi ya mutu aliye mu maji. Usitume watoto kuchuma, na usiingie na miguu wazi. Majani ukiyanunua ao ukipewa, uyaoshe ukivaa gants za kaoutchouc, toa konokono wote na mayai yao, na usilete maji ya bwawa ndani ya nyumba. Mwenye kidonda mukononi asitie mukono mu akwariumu. Na kila mutu anawe na sabuni akimaliza.

KAMA JIWE LIKO TAYARI MU MAJI

Litoe leo. Toa pia muchanga uliokaa chini yake. Kila siku badilisha sehemu moja ya tatu ya maji, kwa juma moja. Maji hayo uyamwange, usiwape kuku.

Na kama mutoto amekula ao amemeza kipande cha jiwe, usingoje maumivu: umupeleke ku dispanseri pamoja na kipande kilichobaki, ili munganga akione. Kujikinga kunapita kutunzwa.