Vua tandiko kwanza, bei baadaye

SHINYANGA. MNUNUZI mzoefu wa punda hamtazami punda kwanza. Anatazama kilicho juu ya punda.

Anaangalia gunia lililokunjwa mgongoni, kamba inayopita chini ya tumbo, mkanda wa kifuani kama upo, na hatamu kama ni ya ngozi au ni kipande tu cha manila. Akishamaliza hapo ndipo anatoa ombi ambalo muuzaji mwenye jambo lake hapendi kulisikia: "Shikamoo mzee. Naomba tuvue hilo tandiko tuone mgongo."

Mzee mwenye punda mzima ataitikia marahaba na kuanza kufungua kamba. Mwenye punda wa mashaka ataanza hadithi. Oh, punda katoka kisimani sasa hivi, ana jasho, ukimvua atapigwa na baridi. Baridi gani hiyo, Shinyanga, saa nne asubuhi?

Shinyanga haina uwanja wa mbio za farasi, na Geita pia haina. Lakini ujanja huo wa mnadani ndio uleule unaotumika Nairobi, Newmarket kule Uingereza na Florida kule Marekani, ambako mnyama mmoja wa mbio anaweza kuuzwa kwa mabilioni ya shilingi. Vifaa vya kupandia vinauza. Vinamchorea mnunuzi picha kichwani kabla hajagusa hata mguu wa mnyama, na mara nyingi ni picha hiyo anayoilipia.

Vijana wa Geita wanalijua hili kwa njia yao. Pikipiki iliyotumika ikiletwa na kiti kipya, stika zinazong'aa na tanki lililopigwa rangi juzi, asiyejua anauliza bei. Anayejua anaomba iwashwe, anainama, anasikiliza injini.

MBUNG'O ALIAMUA

Kwa nini huku ni punda na siyo farasi? Jibu ni mdudu. Mbung'o anaeneza ugonjwa wa nagana, na farasi akiupata mara nyingi haponi. Punda anavumilia zaidi.

Henry Morton Stanley alilijua hilo kwa hasara. Mwaka 1871 alitoka Bagamoyo kumtafuta David Livingstone akiwa na farasi wawili, na wote wawili wakafa mwanzoni mwa safari, kabla hata ya kuifikia Ugogo. Punda ndio waliosonga mbele, tena wakiwa na matandiko ya turubai ambayo Stanley mwenyewe alisimamia kushonwa kwake Zanzibar, kwa kuwa hakupata ya kununua yaliyomfaa.

Shinyanga yenyewe iliwahi kuwa makao makuu ya utafiti wa mbung'o Tanganyika, katika miaka ya 1930, chini ya Charles Swynnerton. Jamii moja ya mbung'o hadi leo ina jina lake, Glossina swynnertoni. Kwa hiyo mtu wa Usukuma akizungumzia mnyama wa kupanda au kubebesha mzigo, anamzungumzia punda, na jicho lake la biashara limekomaa kwa punda.

Jicho hilo linatafuta nini? Linatafuta nywele nyeupe. Tandiko baya likimchubua mnyama, kidonda kikipona nywele zinazoota hapo mara nyingi huwa nyeupe, hata kama punda ni wa kijivu au wa kahawia. Alama haifutiki. Mnunuzi akiona mabaka meupe mabegani, kwenye uti wa mgongo au pale kamba inapopita chini ya kifua, anajua punda huyo kafanya kazi gani na kafungwa vipi. Madumu manne ya maji ya lita 20 ni kilo 80, bado hujahesabu kamba na mbao. Mzigo huo ukikaa juu ya gunia jembamba, uti wa mgongo ndio unaoupokea wote. Ukikaa kwenye sogi iliyojazwa vizuri, yenye mfereji katikati, unabebwa na mbavu za pande zote mbili.

Kwa hiyo gunia jipya na nene siku ya mnada linaweza kuwa na maana mbili. Huenda mwenye punda ni mtu anayejali. Huenda pia kuna kitu chini yake.

'PUNDA MVIVU'

Kuna upande mwingine ambao haupewi uzito wake. Vifaa vibaya vinaweza kumfanya mnyama mzuri aonekane hafai.

Chukua nira. Ng'ombe anavuta kwa nira kwa sababu ana nundu, mti unapata pa kuegemea. Punda hana nundu. Nguvu yake ya kuvuta iko kifuani, na anachohitaji ni mkanda mpana unaopita kifuani chini ya koo. Ukimfunga nira ya ng'ombe, mti unateleza, unagonga mifupa ya shingo na mabega, na kamba ya chini inamkaba. Punda anasimama. Anachapwa, anakwenda hatua mbili, anasimama tena. Mtaa mzima unasema huyu ni mvivu, na anapelekwa mnadani kwa bei ya hasira.

Hapo ndipo mnunuzi mwerevu anapofanya biashara yake. Haulizi kwa nini punda ni mvivu, anaangalia alikuwa amefungwa nini. Akikuta shingo imechubuka na kifua hakina hata alama, ameshajua punda huyu hajawahi kuvuta inavyotakiwa hata siku moja. Anamchukua kwa bei ya chini, anamponya, anamtengenezea mkanda wa kifua kwa vipande vya mpira au turubai, na baada ya muda jirani aliyemuuza anashangaa.

Kwa farasi ni vilevile. Tandiko lililobana mabega linamfanya farasi apige hatua fupi, alaze masikio nyuma na kurusha mkia. Mnunuzi anaona mnyama mwenye hasira na anaondoka, kumbe mwenye matatizo ni fundi wa ngozi.

Kuna kipindi Shinyanga ilipata mnunuzi ambaye hakujali lolote kati ya hayo. Mkoa ulikuwa na kiwanda cha kuchinja punda, ngozi zikienda China kutengenezewa dawa ya asili iitwayo ejiao. Mnunuzi wa ngozi hana haja ya sogi wala mkanda wa kifua, na mvivu kwake ni sawa na mchapakazi. Mwishoni mwa 2022 Serikali ilisitisha uchinjaji huo, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaipiga marufuku biashara ya ngozi za punda barani kote. Punda anayeuzwa sasa anatakiwa kuuzwa kama mfanyakazi, na mfanyakazi anakaguliwa mgongo.

NGONG HADI FLORIDA

Farasi wa mbio wa karibu zaidi na msomaji wa Shinyanga wako Uwanja wa Ngong, Nairobi, unaotumika tangu 1954 chini ya Jockey Club ya Kenya. Kwa kawaida farasi akistaafu mbio huuzwa kwa wapanda farasi wa kawaida au wachezaji wa polo, na hapo vifaa vinaanza kusema.

Farasi huyohuyo ukimvalisha tandiko la mbio, ambalo mengine hayafiki hata kilo moja, mnunuzi anaona moto. Mvalishe tandiko zito lenye kiti cha kina na vikuku virefu vya kukanyagia, mnunuzi yuleyule anaona mnyama mpole wa kumpandisha mtoto wake. Farasi hajabadilika.

Mzoefu anasoma zaidi. Lijamu kali yenye mnyororo chini ya kidevu inamwambia farasi huyu huenda hashikiki. Mkanda unaotoka kifuani kwenda kwenye hatamu unamwambia anarusha kichwa. Vizuia macho vinamwambia anaangalia pembeni badala ya mbele. Na ukanda wa pua uliokazwa sana unafunga mdomo ili watu wasione unavyohangaika. Hilo la mwisho limefika hadi kwenye sheria. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI) lilianza kutumia kipimo maalumu mashindanoni, kuhakikisha kati ya ukanda na pua inabaki nafasi ya sentimita 1.5.

Je, matajiri hawadanganyiki? Wanadanganyika, tena kwa pesa ndefu. Februari 2006, Florida, farasi wa miaka miwili aitwaye The Green Monkey alikimbizwa mbele ya wanunuzi, na tandiko na mpandaji mgongoni. Alikata mita 200 hivi kwa sekunde 9.8. Usain Bolt kwenye rekodi yake ya dunia alitumia sekunde 9.58 kwa mita 100 tu. Ukumbi ukachanganyikiwa, farasi akauzwa kwa dola milioni 16 za Marekani. Alikuja kukimbia mbio tatu katika maisha yake. Hakushinda hata moja, na zawadi zake zote zilikuwa dola 10,440.

Upande wa pili kuna John Henry. Akiwa mdogo aliuzwa kwa dola 1,100 tu kwa sababu magoti yake hayakuwavutia watu. Alistaafu akiwa ameingiza zaidi ya dola milioni 6.5. Mashabiki wa Stand United, Chama la Wana, hawahitaji kuelezwa zaidi. Wameona wachezaji wa viatu vya bei mbaya waliopita Kambarage bila kuacha bao.

Ndiyo maana kule Newmarket, kwa Tattersalls, mnada ulioanza 1766, farasi wa mwaka mmoja wanazungushwa wakiwa na hatamu tu. Hakuna tandiko wala mpandaji. Mnunuzi anatazama mwendo, miguu na ukoo.

Lamu walilijua hili bila katalogi. Katika mbio za punda za tamasha la utamaduni la kisiwani humo, vijana wanapanda mgongo mtupu, fimbo mkononi. Mkondo mzima wa pwani unamwona punda alivyo, pamoja na mabaka yake kama anayo.

Kwenye mnada wa Shinyanga, tandiko likishavuliwa na mgongo ukikaguliwa, linabaki chini kwenye vumbi, na mazungumzo yanahamia kwenye meno, kwato na bei. Muuzaji akitaka kulijumlisha, mnunuzi analiinua kwanza na kulipima kwenye mgongo wa punda huyohuyo. Lisipokaa sawa analirudisha: "Hili baki nalo, mzee wangu. Nitamshonea la kwake."